Mshauri wa Mbali na Siri ya Nyumbani

Katika Buguruni, Dar es Salaam, si mbali na njia panda ambapo Barabara ya Uhuru hukutana na Barabara ya Mandela, ipo nyumba moja ya vyumba sita. Imejengwa kama zilivyojengwa nyingi katika sehemu zile: ukumbi katikati, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande ule, ua nyuma wenye bomba la maji, na baraza mbele ya kukaa jioni. Kuta za vyumba hazikufika kwenye bati. Mtu akikohoa chumba cha kwanza, aliye chumba cha sita humwambia pole.

Katika chumba kimojawapo hukaa mchukuzi wa mizigo wa soko la Buguruni, mtu wa makamo, mpole, asiyejulikana kwa fujo. Mwaka jana, kwa muda wa miezi mitatu, majirani zake walimwona kila Ijumaa, saa nne ya usiku, akitoka nje, akivuka njia, akiingia katika bajaji ya rafiki yake iliyoegeshwa, akiteremsha maturubai ya pande zote mbili, na kukaa humo gizani saa nzima. Maneno hayakukawia. Wa kwanza alisema ana mwanamke. Wa pili akasema la, amepata mganga wa simu. Wa tatu, ambaye ndiye mwenye nyumba, akasema kuwa mtu akaaye ndani ya bajaji isiyokwenda hana budi kuwa ameingiwa na wazimu.

Ukweli ni kwamba mtu yule alikuwa akizungumza kwa simu na mshauri, mama mmoja akaaye Morogoro, aliyesomea kazi ya kuwasikiliza na kuwashauri watu wenye matatizo ya moyo na ya unyumba. Hawajapata kuonana uso kwa uso hata leo. Twaandika habari zake kwa ruhusa yake, na jina lake twaliacha kama alivyotaka. Twaziandika kwa sababu jambo hili la kutafuta ushauri kwa njia ya mtandao limekwisha kuingia katika mitaa ya wafanyakazi, na bado hatujalizungumza ipasavyo. Wengi hulicheka. Mwandishi wa maneno haya alikuwa miongoni mwa waliocheka.

Basi kisa chenyewe ni hiki. Mke wa mchukuzi huyu yuko Muscat, katika nchi ya Oman, afanyako kazi za nyumbani. Alikwenda kwa mapatano ya miaka miwili, akiwaacha watoto wawili kwa bibi yao. Kila mwisho wa mwezi hutuma fedha, na fedha hizo hupitia katika simu ya mumewe. Mume alinunua matofali na kuyapeleka kwenye kiwanja chao huko Chanika. Ndugu wa mke walikwenda kukitazama kiwanja, wakakuta matofali machache kuliko waliyoyatazamia, wakamwandikia dada yao. Mtu mwingine, ambaye hata leo hajulikani ni nani, akaongeza kwamba mume anaoa mke wa pili. Mke akanyamaza. Alinyamaza majuma matatu, hajibu simu wala ujumbe, na mumewe hajui kama amekasirika, ni mgonjwa, au amenyang'anywa simu.

Hofu hiyo ya mwisho haikuwa ya bure. Shirika la Human Rights Watch, katika ripoti yake ya Novemba 2017, lilieleza kwa urefu masaibu ya Watanzania wafanyao kazi za nyumbani katika Oman na Falme za Kiarabu: pasi za kusafiria kuchukuliwa na waajiri, saa za kazi zisizo na mwisho, na mishahara isiyolipwa yote. Mtu mwenye mke katika hali hiyo hawezi kuufasiri ukimya wake kwa utulivu. Mchukuzi wetu akaacha kulala. Akaanza kunywa. Siku moja, mchana kweupe, aliangusha tenga la nyanya za watu katikati ya soko, akakaa chini kando yake na kulia mbele ya wenzake. Kazini walimwambia, kwa wema, aende nyumbani akapumzike. Lakini nyumbani ndiko palipokuwa na lile jambo.

Alifanya kwanza kile ambacho kila mmoja wetu angekifanya. Alikwenda kwa mzee aliyekuwa mshenga wa ndoa yao, akamweleza yote, hata yale ya aibu. Mzee alimsikiliza vizuri, akamwambia avumilie, kwa kuwa ndoa ni uvumilivu. Kesho yake alfajiri, mchukuzi alipokwenda bombani kuchota maji, habari zilikuwa zimekwisha kufika kabla yake. Hatumlaumu mzee. Huenda alimwambia mkewe tu, naye akamwambia shoga yake mmoja tu. Hivyo ndivyo siri zinavyosafiri katika nyumba zetu, na hakuna mtu mbaya hata mmoja njiani.

Ipo na njia ya sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yataka wanandoa wapeleke ugomvi wao kwanza katika baraza la usuluhishi kabla mahakama haijasikiliza shauri la talaka, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Ni utaratibu mzuri, nao umeokoa ndoa nyingi. Lakini baraza huketi mchana, huketi mbele ya watu, na wahusika huitwa waje. Mwanamke aliye Muscat ataitwaje? Tena mchukuzi huyu hakutaka talaka. Alitaka kujua jinsi ya kuzungumza na mkewe bila kila neno kugeuka jiwe.

Ndipo binti wa mfanyakazi mwenzake, asomaye mambo ya ustawi wa jamii, alipompa namba ya yule mama wa Morogoro. Kwa siku nne hakumpigia. Alituambia kwamba alidhani mama atamwombea, au atamwuzia dawa, au atamtaka apeleke fedha kwanza kisha asionekane tena, kama wafanyavyo matapeli wengi wa simu. Alipompigia, mama hakumwuliza habari za mke hata kidogo katika robo saa ya kwanza. Alimweleza kazi yake ni nini na si nini. Alimwambia amesomea wapi, na amwulize nani akitaka kuhakikisha. Alimwambia kuwa atayaandika mazungumzo katika daftari lisilo na jina lake, na kwamba hatamwambia mtu yeyote, isipokuwa akiona hatari ya mtu kujiua au kumdhuru mwenzake, na hapo atamwambia yeye kwanza. Akamtajia na bei: shilingi 15,000 kwa saa. Mchukuzi aliomba apunguziwe, wakaelewana elfu kumi.

Sasa yafaa tueleze walichokifanya, kwa sababu watu wengi hudhani kuwa ushauri wa namna hii ni mtu kulia na mwingine kumwambia pole. Mama alimpa kazi. Alimtaka aandike kila siku amelala saa ngapi, amekunywa nini, na ugomvi ulianza kwa neno gani. Baada ya majuma mawili waliyasoma maandishi yale pamoja, wakaona jambo ambalo mume mwenyewe hakuwa amelijua. Ugomvi wao haukuanza kwa wivu wala kwa ndugu. Ulianza karibu kila mara katika siku zile mbili au tatu za mwisho wa mwezi, fedha zikishaingia, mke akiuliza, "Baba watoto, umefanyia nini?" Mke aliuliza hesabu tu. Mume alisikia akiambiwa kwamba yeye si mwanamume. Akajibu kwa ukali, naye mke aliusikia ukali ule kama mtu anayeficha kitu.

Kisha mama aliomba ruhusa ya kuzungumza na mke peke yake. Hapo ndipo faida ya mtandao ilipoonekana wazi kuliko mahali pengine popote. Muscat wako mbele yetu kwa saa moja, na saa za mke si zake, ni za mwajiri. Haikuwezekana watatu wale kukutana kwa simu kwa wakati mmoja. Basi walitumia ujumbe wa sauti. Mama hurekodi maneno yake mchana, mke huyasikiliza usiku wa manane jikoni baada ya vyombo, hujibu kwa kunong'ona, na mama huyasikiliza majibu alfajiri. Katika mazungumzo yale ilijulikana kwamba mke hakunyamaza kwa hasira. Alikuwa na aibu. Miezi miwili alilipwa nusu ya mshahara, akakopa kwa mwenzake ili atume fedha ile ile, asionekane ameshindwa. Na alipoambiwa matofali ni machache aliona kwamba hata deni lake limepotea bure.

Mume alipoyasikia haya, kwa ruhusa ya mke, alikaa ndani ya bajaji hata saa saba ya usiku.

Mapatano waliyofikia ni ya kawaida mno, hata mtu aweza kuyadharau. Siku ya pili ya kila mwezi ni siku ya hesabu: mume hupiga picha za stakabadhi, moja moja, na kuzituma bila maelezo mengi. Siku ya Ijumaa ni marufuku kutaja fedha, kiwanja, matofali au ndugu. Huzungumza habari za watoto, au habari yoyote nyingine. Hatusemi kuwa ndoa yao imepona. Mke angali mbali, nyumba ya Chanika ingali msingi tu, na mume hunywa mara moja moja. Lakini analala, anafanya kazi, na wanazungumza.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya kigeni, yaliyoletwa na watu wasio na jamaa wala majirani. Twaomba wafikiri tena. Je, kungwi alikuwa nani? Somo alikuwa nani, kwa msichana wa pwani aliyekuwa akiingia katika ndoa? Ni mtu aliyechaguliwa makusudi asiwe mama mzazi, ili aweze kuambiwa yale ambayo mama haambiwi. Jamaa zetu wa zamani walijua vema kwamba yapo maneno yanayohitaji mtu wa nje kidogo. Kilichobadilika ni makazi. Somo alikaa mtaa mmoja nawe na mlifahamiana maisha yote. Leo mtu atoka Kigoma au Lindi, apanga chumba Buguruni kati ya watu asiowajua, na hao asiowajua ndio wasikiao kila neno lake kupitia juu ya ukuta.

Tena elimu yenyewe ya jambo hili haikubaki Ulaya. Katika mji wa Harare, Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi wa mtaa wa Mbare, mtaa wa watu wa hali ya chini kama ilivyo mitaa yetu, namna ya kukaa na mgonjwa wa huzuni juu ya benchi nje ya zahanati na kumsaidia kulitatua tatizo moja kwa wakati. Ugonjwa wenyewe Washona huuita *kufungisisa*, maana yake kuwaza kupita kiasi. Sisi nasi husema fulani ana mawazo, na hatuna haja ya tafsiri. Kazi ya akina bibi wale ilipimwa kwa watu 573, na matokeo yakatangazwa mwaka 2016 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani: waliozungumza na bibi walikuwa na nafuu kubwa baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kutoka Zimbabwe benchi hilo limefika Malawi na hata Zanzibar.

Hali kadhalika katika Uganda. Katika vijiji vya Masaka na Rakai, watu waliofiwa na kuvunjika moyo walikusanywa katika vikundi mwaka 2002, wakaongozwa na wenyeji wenzao waliofundishwa kwa muda mfupi, wakazungumza juu ya misiba, magomvi na mabadiliko ya maisha yao. Sonona, yaani ile huzuni nzito isiyoondoka, ilipungua sana kwao. Baadaye shirika la StrongMinds lilieneza vikundi vya namna hiyo kwa wanawake wa Uganda, na maradhi ya korona yalipozuia mikutano mwaka 2020, shirika likahamishia mazungumzo katika simu. Hata huko London, mwaka 1953, padri Chad Varah alipoanzisha huduma ya kuwasikiliza watu waliotaka kujiua, chombo chake kilikuwa simu ya kawaida. Kwa hiyo mtu asishangae kuona sauti peke yake ikifanya kazi. Kwa baadhi ya watu hufanya kazi zaidi kwa sababu haina macho.

Lakini tusimpake rangi nzuri kila anayejiita mshauri. Katika simu zetu wamejaa. Yuko anayerudisha mpenzi kwa siku tatu, yuko anayesoma nyota, yuko kijana aliyesoma vitabu viwili na kufungua ukurasa. Mama wa Morogoro alianza kwa kusema amesoma wapi na nani aulizwe. Asiyeweza kusema hilo, mfanyakazi asimpe hata shilingi moja. Jirani zetu wa Kenya walitunga mwaka 2014 sheria mahsusi ya kuwasajili washauri na wanasaikolojia. Ni mfano unaofaa kutazamwa.

Zipo na kampuni kubwa za nje. Iliyo mashuhuri kuliko zote ni BetterHelp ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2013. Malipo yake, kwa maelezo ya serikali ya Marekani ya mwaka 2023, yalikuwa dola 60 hadi 90 kwa juma. Tuihesabu dola moja kwa shilingi 2,500 tu: ni shilingi 150,000 kwa juma kwa bei ya chini, na 600,000 kwa majuma manne. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kilichotangazwa Mei Mosi ya mwaka 2025 ni shilingi 500,000 kwa mwezi. Mchukuzi wa Buguruni hakifikii hata hicho. Basi huduma ile, iwe nzuri namna gani, si yake.

Na liko jambo zito kuliko bei. Katika Machi 2023 tume ya biashara ya Marekani iliituhumu kampuni hiyo kwamba iliwaahidi wateja siri, kisha ikazipeleka habari zao, hata habari ya kwamba wanatafuta matibabu ya nafsi, kwa Facebook, Snapchat na wengineo kwa ajili ya matangazo ya biashara. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 7.8, pasipo kukiri kosa. Huko Finland ilikuwa mbaya zaidi. Kumbukumbu za watu wapatao 33,000 waliotibiwa na kampuni iitwayo Vastaamo ziliibwa katika mashine, na mnamo Oktoba 2020 wagonjwa wenyewe walianza kuandikiwa: toa fedha, ama uliyomwambia mshauri wako yatangazwe. Fikiri, ndugu msomaji. Yule mzee wa Buguruni alimwambia mkewe, na habari zikafika bombani. Mwizi wa Finland angeweza kuzifikisha duniani kote.

Nchi yetu haikukaa kimya juu ya hili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Mtu anayekusanya habari za afya yako anabanwa na sheria hiyo, nawe una haki ya kumwuliza amezihifadhi wapi na kwa ajili gani. Wafanyakazi wengi hawajui kwamba haki hii ni yao. Huijua haki ya likizo na ya malipo ya ziada, huipigania, na ni vema. Lakini siri ya moyo wa mtu nayo ni mali yake, na siku hizi ina soko.

Tuseme neno na juu ya mashine zinazozungumza, kwa kuwa vijana wengi huzikimbilia usiku zikiwa bure, na zajibu kwa Kiswahili. Jambo lenyewe ni la zamani kuliko wanavyodhani. Mwaka 1966 bwana Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT huko Marekani alitunga programu aliyoiita ELIZA, iliyoigiza daktari wa nafsi kwa kumrudishia mtu maneno yake katika namna ya swali. Karani wake mwenyewe, aliyeijua tangu ilipoanza kutungwa, alipokaa kuzungumza nayo alimwomba bwana huyo atoke chumbani. Weizenbaum aliogopa, na kwa maisha yake yaliyobaki aliwaonya watu. Mashine za leo zina maneno mengi mno kuliko ELIZA, na kwa mtu asiye na usingizi zaweza kuwa faraja ya saa moja. Lakini hazina wa kumjibikia. Zina desturi ya kukubaliana na asemaye, na mwenye wivu akikubaliwa kila neno hawi na nafuu. Jimbo la Illinois lilitunga sheria mwezi Agosti 2025 kuzuia mashine zisitoe tiba ya nafsi mahali pa mtaalamu. Mama wa Morogoro alimwambia mchukuzi mara mbili kwamba amekosea. Ile ya pili alikata simu kwa hasira, na juma lililofuata akampigia tena.

Kadhalika yako mambo ambayo mshauri wa mbali hayawezi, naye aliye mwaminifu atakuwa wa kwanza kusema. Mwanamke anayepigwa, ambaye simu yake hukaguliwa na yule ampigaye, haponi kwa mazungumzo ya simu. Njia yake ni Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, na hospitali. Mtoto anayeteswa, au mtu mzima aliyemwona, apige namba 116, ambayo ni ya bure. Mtu anayesikia sauti zisizokuwapo, au anayefikiri kujiua, apelekwe hospitali siku ile ile. Amana si mbali na Buguruni, na Muhimbili kuna idara ya wagonjwa wa akili. Kumpeleka huko si aibu, kama ambavyo si aibu kumpeleka aliyevunjika mguu.

Twarudi katika ile nyumba ya vyumba sita, kwa maana hapo ndipo penye jambo ambalo sisi wenyewe twaweza kulifanya bila kungoja mtu wa nje. Tulimwuliza mchukuzi ni kitu gani kilichomwia kigumu kuliko vyote katika miezi ile. Tulidhani atataja fedha, au bando. Alisema: mlango. Simu alikuwa nayo, elfu kumi aliipata kwa kupunguza sigara, na mshauri alimpata. Lakini katika Buguruni yote, yenye maelfu ya watu, hakupata mahali pamoja penye mlango unaofungwa ambapo mtu mzima aweza kusema kwa sauti yake ya kawaida, "Nimeshindwa," asisikiwe. Alijaribu chumbani, wakasikia. Alijaribu chooni uani, wakagonga. Alijaribu sokoni baada ya saa za kazi, mlinzi akamshuku. Akaishia katika bajaji.

Ofisi za serikali za mitaa zipo, zina vyumba, na jioni hufungwa. Vyama vya wafanyakazi vina ofisi zenye meza na viti vinavyolala vitupu tangu saa kumi alasiri. Zahanati zina vyumba vya daktari visivyo na daktari usiku. Chumba kimoja katika kila kata, kiti kimoja, ufunguo kwa mtu mmoja mwaminifu asiyeuliza mtu anaingia kufanya nini, saa mbili jioni mara tatu kwa juma: hili halihitaji bajeti ya serikali kuu wala fedha za wafadhili. Lahitaji kikao kimoja cha mtaa. Twaliweka mbele ya viongozi wa Buguruni na wa mitaa mingine kama hiyo, wa Temeke na Kinondoni kadhalika, na tutafurahi kuchapa majibu yao katika ukurasa huu.

Kwa sasa mchukuzi huzungumza na mshauri wake mara moja tu kwa mwezi. Rafiki yake ameiuza ile bajaji. Ijumaa iliyopita alisimama chini ya mti karibu na reli, mvua ikinyesha, simu ameifunika kwa kofia yake. Na treni ilipokuja alimwomba mama radhi, akangoja ipite, kisha akaendelea.